Springi za Delbert na Bakuli la Nadine

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2014, Delbert Hruska anavua aproni baada ya miaka thelathini na tisa katika Karakana ya Springi ya Vandergriff, hapa Toledo. Aliingia na nywele nyingi na maneno machache. Anatoka kinyume chake. Ardith wa ofisini ameniomba niandike maneno ya heshima kwa ajili ya jarida letu, maana mimi ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote, ukimwondoa mkewe. Heshima nitaiweka mwishoni, nafasi ikibaki.

Delbert alianza kwa kufagia. Akafagia vizuri mno, wakamwondoa wasije wakamzoea kwenye ufagio, wakampeleka kwenye tanuri la kupinda springi za malori ya nafaka. Huko alipoteza nyusi mara mbili. Halafu watu wa mji huu wakaanza kuyafufua magari yao ya ujana, yale magari ya misuli, milango miwili na injini ya kuvuta behewa, na kila aliyeongeza nguvu mbele aligundua kwamba kwenye kona gari lake linalala kama mashua yenye tundu. Wakaja kwetu. Delbert akapewa meza ya mbele, kazi yake ikawa kumchagulia kila mtu springi na stebilaiza, na hakuondoka hapo tena.

Kwa wale wa ofisini ambao husaini karatasi za vitu wasivyovijua: springi hubeba uzito wa gari. Stebilaiza ni ule mtaimbo wa chini unaoliunganisha gurudumu la kushoto na la kulia, gari lisilalie ubavu kwenye kona. Delbert alikuwa na maneno yake. Springi, alisema, ni miguu ya mlevi, na stebilaiza ni mkono anaoushikia ukuta. Mkono ukishika kidogo, mlevi anafika nyumbani. Ukiung'ang'ania ukuta, hufiki popote, na miguu ikiwa migumu kama mbao, utaanguka hata ukiwa hujanywa.

Mfano huo aliutoa hata mbele ya mchungaji.

Na ilikuwapo ndoo. Ndoo ya grisi, imepinduliwa, imewekwa mbele ya meza yake. Hakuna mteja aliyeuziwa chochote kabla hajakaa juu yake na kujibu maswali matatu. Gari unalipeleka wapi? Ni kitu gani umekibadilisha tangu springi za sasa zilipofungwa? Na nani anakaa kiti cha pembeni yako? Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye miwani ya jua, mvua ikinyesha, akataka springi ngumu kuliko zote na stebilaiza nene kama mguu wa meza.

"Gari unalipeleka wapi?"

"Mashindanoni."

"Mashindano gani?"

"Bado sijajiandikisha."

"Sasa hivi linakwenda wapi?"

"Kanisani. Na kula aiskrimu."

"Na pembeni nani anakaa?"

"Mama yangu."

"Basi bwana, tunakufungia springi za mama yako."

Alimfungia springi za kadiri, stebilaiza nene kidogo mbele kwa sababu ya ile injini nzito, na nyuma nyembamba ili mkia usipepee. Yule bwana alirudi baada ya mwezi kushukuru. Mama yake alikuja naye, na safari hiyo bwana hakuvaa miwani.

Ukutani, juu ya ndoo, Delbert aliandika kwa rangi nyekundu: HATUKATI SPRINGI. USIOMBE. Kila wiki hutokea mtu anayetaka gari lake liiname, anadhani dawa ni kukata duara moja la koili. Delbert humfukuza kwa upole, na akibisha, humfukuza tu. Springi ukiikata inakuwa fupi, ndiyo, lakini inakuwa na hasira zaidi. Urefu unaupunguza, ugumu unauongeza. Jambo hilo amelisema mbele yangu mara nyingi hivi kwamba mke wangu anasema nalitamka usingizini.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo Delbert alinikataza kuliandika. Delbert, si ndio unastaafu? Utanifanya nini?

Gari lake ni Chevelle ya mwaka 1970, ya kijani. Alilinunua walipooana yeye na Nadine, wakalipanda kwenda fungate kaskazini, wakavuka daraja la Mackinac, wakakaa ng'ambo ya pili mpaka pesa zikaisha. Tangu hapo walipangiana kwamba siku Delbert akistaafu, watalirudia daraja lile kwa gari lile lile. Nadine aliendesha basi la shule maisha yake yote. Si mtu wa kudanganywa kuhusu matairi.

Miaka tisa iliyopita, Delbert aliifungia Chevelle yake hedi za silinda za alumini, yaani vichwa vya injini vyepesi kuliko vile vya chuma. Injini ikaongezeka nguvu, na pua ya gari ikapungua uzito. Mnajua kinachotokea. Springi zile zile zilizokuwa zikibeba chuma sasa zilibeba mzigo mwepesi kuliko wa zamani, zikanyooka, gari likasimama pua juu kama punda anayenusa mvua. Kesho yake yalikuwa maonyesho ya magari kwenye uwanja wa duka la aiskrimu. Kilichofuata hakuna aliyekiona. Tuliliona gari tu, limeinama vizuri, limependeza, na nyuma lina stebilaiza nene kupindukia aliyoipinda mwenyewe kwenye tanuri letu. Aliipapasa kila alipopita mtu wa kuitazama.

"Kwenye kona linakaa kama treni!" alisema.

Lilikaa kama treni, na mimi niliwahi kulifuata siku ya mvua nikaona mkia wake ukipepea kama wa mbwa aliyeona mfupa.

Muda si muda ikawa harusi ya mpwa wa Nadine. Nadine alivaa gauni la manjano, akapakata bakuli la kabichi zilizoviringishwa nyama, mchuzi wa nyanya mpaka ukingoni, kazi ya usiku na asubuhi. Walipofika kwenye makutano ya reli, Chevelle iliruka. Bakuli likaruka pia, ila lenyewe halikutua lilikotoka. Nadine alishuka, akavua viatu, akatembea mpaka kanisani na mchuzi wake kifuani. Tangu siku hiyo hajalipanda gari lile. Kila penye maonyesho, walikuja na magari mawili, Delbert mbele na Nadine nyuma katika kigari chake cheupe. Watu wageni walidhani Delbert anafuatiliwa na polisi.

Majira ya kuchipua mwaka huu, Delbert alimkumbusha mkewe habari ya daraja, nikiwa nimekaa mezani kwao nakunywa kahawa.

"Twende, ni lazima twende," Nadine akasema. "Mimi nitapanda basi. Nitakusubiri ng'ambo."

"Mama, tuliahidiana gari lile."

"Nilikuahidi gari. Hiyo ni mashine ya kukunia nazi, Del. Nimebeba watoto sitini kwenye basi la serikali, hakuna hata mmoja aliyerushwa namna ile, na wengine nilitamani warushwe."

Wiki nzima Delbert alikuja kazini hatanii mtu. Wateja walikaa kwenye ndoo, akawauliza maswali mawili, la tatu akalimeza.

Jumamosi moja akaniomba nimsaidie kutafuta mlio chini ya gari lake. Nikaingia chini na taa. Mlio sikuuona. Nilichokiona ni ncha ya koili, imekatwa wima kama mkate kwa kisu.

"Delbert."

"Umeuona mlio?"

"Hii springi mbona fupi?"

"Ilikuja hivyo."

"Ilikuja na alama za grainda?"

Nikajisogeza mpaka upande wa pili. Na ile pia.

"Roscoe," akasema, "nilikuwa nimepanga kuzibadilisha wiki iliyofuata."

"Wiki iliyofuata ya mwaka gani?"

Nilitoka chini ya gari nikiwa nimecheka mpaka taa imenidondoka. Mtu aliyeandika HATUKATI SPRINGI kwa mkono wake, kwa rangi aliyoinunua mwenyewe! Nilikwenda nikaichukua ile ndoo, nikaiweka mbele yake.

"Kaa."

"Usinifanyie mchezo, bwana."

"Wamekaa madaktari hapo. Amekaa mchungaji. Kaa."

Akakaa. Nikamuuliza gari analipeleka wapi. Akasema Mackinac, na barabara ya kule imejaa viraka. Nikamuuliza amebadilisha nini. Akasema hedi, na akaitazama sakafu. Nikamuuliza nani anakaa kiti cha pembeni.

Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Nadine," akasema. "Nataka akae Nadine."

Basi tukaanza. Aliupima uzito wa mbele upya, gurudumu moja moja, nami nikiwa kiti cha dereva na mifuko miwili ya viazi pembeni badala ya Nadine (jambo hili Nadine hakuambiwa, sasa ameambiwa). Akachagua springi mpya za mbele, laini kuliko zile za mwanzo, zinazolingana na pua nyepesi. Urefu ukapatikana wenyewe, bila grainda. Stebilaiza nene aliyokuwa amekwisha kuifunga mbele akaiacha, maana hiyo ilikuwa sahihi tangu mwanzo: springi laini ibebe, stebilaiza izuie kulala. Shida ikawa ya nyuma, ile kipenzi chake. Aliizunguka kama mtu anayeaga ng'ombe.

"Nikiitoa, kwenye kona litalala kidogo," akasema.

"Na Nadine?"

Akachukua spana. Nyembamba ikaingia. Ile nene tumeipachika kwenye chumba cha chakula, na kitambaa cha sherehe mnachokiona leo kimening'inia juu yake. Msikivute. Stebilaiza hiyo ni kitu cha kwanza alichowahi kukitengeneza ambacho kinafaa.

Jumapili iliyopita akaenda kumwomba mkewe apande, mara moja tu, mpaka makutano ya reli na kurudi. Mimi nikaitwa niwe shahidi. Nadine aliingia ndani. Tulimsubiri, Delbert akiusugua usukani usio na vumbi. Mlango ukafunguka, Nadine akatoka na gauni la manjano, lile lile, doa lake halijatoka, na mikononi ana bakuli la kabichi. Mchuzi mpaka ukingoni. Halina kifuniko.

"Mama, si ungelifunika?" Delbert akasema.

"Endesha."

Nilikaa nyuma na kushika kila kilichoshikika. Reli zilipokuja, Delbert hakupunguza mwendo. Nadhani aliogopa kuambiwa amedanganya. Gari likashuka, likapanda, likatulia. Nikachungulia mbele. Mchuzi ulikwenda mpaka ukingoni mwa bakuli, ukasimama, ukarudi ndani, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kofia yake. Gauni halikuguswa.

"Simama," Nadine akasema.

Delbert akasimama, rangi imemtoka. Nadine akashuka, akalizunguka gari polepole, akaufungua mlango wa dereva.

"Sogea. Shika bakuli."

"Nikishika bakuli, nani ataendesha?"

"Aliyeendesha basi miaka yote hiyo ni nani, mjomba wako?"

Kurudi nyumbani sitawaeleza sana, maana sehemu kubwa nilifumba macho. Ile kona ya kushuka kutoka barabara kuu, Nadine aliikata kwa mwendo wa mwanamke aliyevumilia maisha yake yote nyuma ya vibao vya kupunguza mwendo. Gari lililala kidogo, kama alivyosema Delbert, likashika. Mchuzi ukamwagika tone moja kwenye goti la Delbert.

Hakulifuta.

Jumatatu alikuja kazini na suruali ile ile, na leo ameivaa tena, muiangalie. Kila mteja aliyekaa kwenye ndoo wiki hii aliulizwa maswali yote matatu.

Delbert, ahsante kwa miaka yote ya springi, kwa wateja waliofika makwao na migongo mizima, na kwa ndoo unayotuachia. Maandishi ya ukutani hatutayafuta, ingawa mimi nitaongeza chini yake jina la mmoja aliyewahi kukata. Kesho alfajiri mnaondoka. Daraja liwe wazi, upepo wa ziwani uwe wa upande mwema, na ng'ambo mkute chumba kile kile kama bado kipo. Na usiwe na haraka ya kuomba usukani. Nimemwona Nadine akiendesha. Hutaupata.

Roscoe Tibbets, wa kuchomelea