Kishale Kinachotembea Chenyewe

Kabla hapajapambazuka, kompyuta ya bibi mshonaji ililia ting, naye akajua mjukuu wake ameingia ndani ya kompyuta hiyo kwa mtandao, kutoka huko mbali anakofanya kazi. Asubuhi hiyohiyo, ndani ya basi, akiwa amepakata kikapu chenye kompyuta hiyo, alimsimulia msichana aliyeketi kando yake, fundi kompyuta.

“Mimi nakaa tu, mwanangu, nakitazama kishale kinatembea chenyewe kwenye kioo. Usiku mipangilio inavurugika, alfajiri ananikuzia herufi, anapunguza mwanga usiniumize macho, anarekebisha vitufe visirudie herufi nikichelewa kuinua kidole. Akimaliza ananiandikia: Umelala vizuri, Bibi?”

“Kila siku?” fundi akashangaa. “Mipangilio haibadiliki yenyewe, Bibi. Kuna mtu anaichezea.”

“Labda paka,” alisema bibi, ambaye hakufuga paka.

Fundi, mwenye moyo mzuri, akanyoosha mikono. “Nipe niifunge kwa neno la siri. Haitavurugika tena.”

Bibi akakikumbatia kikapu kama kuku anayefunika vifaranga. “Wee! Niachie paka wangu.”

Fundi akamtazama, kisha akacheka taratibu. “Bibi, si umwambie tu umemkumbuka?”

“Ana kazi nyingi yule. Herufi zikiharibika, anakuja. Nikisema nimemkumbuka, ataniambia tusubiri Jumapili.”

“Jaribu.”

“Wewe humjui.”

Basi likasimama kituoni kwake. Bibi alishuka polepole, akatua kikapu chini, akatoa simu na kurekodi sauti yake:

“Mjukuu wangu, herufi ni kubwa, naziona zote. Hakuna kilichoharibika. Kesho ingia tena.”