Basi la Farasi na Alama za Mlangoni

Siku ya maonyesho ya magari ya kale kule Sussex, Uingereza, nilisafiri ndani ya basi la mbao la kuvutwa na farasi, nikitazamana na watu wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa Desmond, seremala aliyelifufua, kifua mbele kama aliyelizaa mwenyewe.

"Mama, hili lilibeba watu enzi za Malkia Victoria," alimwambia bibi aliyekaa pembeni yake. "Yalipoingia ya petroli, likatupwa shambani. Tulilikuta limejaa mavi ya kuku. Miaka tisa nimelipiga msasa!"

Bibi akapapasa mwimo wa mlango. "Hongera, mwanangu. Mbao zinang'aa kama kioo. Lakini kabla ya hao kuku tuliishi humu sisi, watoto watano. Hapo ulipokaa palikuwa jikoni."

"Jikoni? Hili ni basi, mama!"

"Kwako basi, kwangu nyumbani. Na hapa mlangoni baba alikuwa akichonga alama za vimo vyetu kila Krismasi. Ziko wapi?"

Desmond akaupapasa ule mwimo laini. Nadhani ule msasa ulikuwa umezimeza.

Mara kengele ikalia, basi likasimama. Tulikuwa tumefika chini ya kilima, na tangu zamani desturi ni hiyo: abiria hushuka wakapanda kwa miguu, farasi wapate kupumua. Wengine tukashuka. Desmond akamnyooshea bibi mkono.

"Asante, mwanangu, lakini sishuki," alisema, akijifunga shali vizuri. "Nilishashushwa humu mara moja, nikiwa na miaka sita."