Mama Mkwe Alijua Dawa ya Mifupa Yangu

Nawasalimu nyote, Waislamu kwa Wakristo, kila mtu aitikie kwa dini yake tusipoteze muda. Msinitazame hivyo. Mimi ni Mhindi, ndiyo, lakini nimezaliwa Tanga na nimesoma huko huko mpaka kidato cha nne. Dubai nimeletwa na ndoa. Mume wangu ni fundi cherehani hapa mtaa wa Naif, na kipato cha fundi mnakijua. Majina sitaji.

Tulikuwa tunaishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao, mimi na mume wangu upande huu, mama yake upande ule. Dirisha lilikuwa upande wake. Utaratibu wa kula ulikuwa wake pia: mwanawe kwanza, kisha yeye, mimi mwisho. Maziwa yalikuwa yao. Mimi nilikunywa chai ya rangi na kukomba wali uliobaki na mchuzi wa dengu, na wakati huo nina mimba, halafu nanyonyesha. Nje sitoki. Mama mkwe alisema mke wa mtu hazururi Naif katikati ya wanaume, tena jua litaniharibu rangi. Nikatii. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilijiona mke mwema.

Mtoto alipofikisha miezi minne maumivu yakaanza. Kiuno, nyonga, mapaja, hata mbavu nikikohoa. Kuinuka sakafuni mpaka nishike ukuta. Jirani yetu mmoja wa Mombasa, yule pale anacheka, alinikuta kwenye korido akaniuliza, "Wewe, mbona watembea kama bata?" Nikacheka naye. Nilipoingia ndani nililia.

Nikimwambia mama mkwe, anasema ni uvivu, sisi Wahindi wa Afrika tumelelewa na wafanyakazi wa ndani. Mume wangu ananyamaza. Siku moja nikainama kumtoa mtoto kwenye beseni, nyonga ikanichoma, miguu ikaisha nguvu, nikaanguka naye mikononi. Mtoto hakuumia, alhamdulillah. Lakini tangu hapo wakaanza kupanga nirudishwe Tanga, mtoto abaki. Mama asiyeweza kumbeba mwanawe ana kazi gani? Walikuwa wanayasema hayo upande wa pili wa ubao, na ubao hauzuii sauti.

Yule jirani ndiye aliyesema khalas, imetosha, twende hospitali. Mama mkwe akang'ang'ania kuja, watu wasije wakasema amenitelekeza. Daktari, mama wa Kihindi, aliniuliza nakula nini, na jua naliona lini. Nikamwambia nje sitoki, na jua la Dubai mnalijua. Akanipima damu, akanipiga eksirei. Majibu yalipotoka akatueleza kwamba mifupa yangu imelainika kwa kukosa jua na chakula, na nyonga ina ufa. Lakini itapona. Akaanza kuandika dawa. Mama mkwe akamwambia, kwa upole kabisa, "Mpe zile zile ulizonipa mimi, za kumeza kila wiki. Zilinisaidia sana."

Nikamgeukia. "Zipi, mama?"

Akapokea karatasi ya dawa. Kwenye basi nikamuuliza kama alijua tangu mwanzo kwamba ugonjwa wangu ni kama wake.

"Mimi niliumwa miaka ishirini," akasema, "hakuna aliyeniambia. Wewe umeumwa miezi mingapi?"

Na aliyekuwa akizinunua famasi kila mwezi ni mume wangu. Huyo huyo aliyelala pembeni yangu akinisikia naguna kila nikigeuka. Ufa wa nyonga niliuvumilia. Ukimya wake sikuuvumilia.

Siku hiyo nilipakua chakula, nikakaa mkekani pamoja nao, nikala. Nikamwambia mume wangu: nikienda Tanga naenda na mwanangu, nikibaki nakula unapokula.

Akasema, "Mama ni mtu mzima, mheshimu."

"Na mimi ni mama wa mtu."

Nikaendelea kula. Habari ya Tanga haikutajwa tena.

Haikuwa rahisi, ilichukua karibu mwaka. Dawa kila wiki, yai, mtindi, dagaa natafuna na mifupa yake. Kila asubuhi jirani ananishika mkono tunapanda polepole mpaka darini penye matangi ya maji, tunaota jua, ananisema nilivyonenepa. Leo nimempandisha mwanangu ghorofa tatu mwenyewe, bila kupumzika.

Nakushukuru wewe dada wa Mombasa. Namshukuru yule daktari. Nawashukuru mlioniletea mtindi mkisema umewabaki, najua haukuwabaki. Mnangoja niseme nimesamehe. Sijasamehe, na sitadanganya mbele yenu. Mama mkwe bado nampikia, na kwa daktari nampeleka.

Nyinyi mnaoishi na wake za wanenu, daktari akikwambia jambo, mwambie na yule binti siku hiyo hiyo. Usingoje aumie ulivyoumia wewe. Mwanangu ni wa kiume. Ipo siku na mimi nitaletewa msichana wa watu ndani. Mkiona namnyamazia jambo ninalolijua, njooni mniseme mbele yake, na mimi nikiwa nasikia.