Tairi za Cucu

Benchi la Mama Waithira lilikuwa ubao mmoja wa lori uliolazwa juu ya mapipa mawili ya mafuta, kando ya barabara ya kuingia mjini Nyeri, na aliyeketi ncha moja ilimbidi aombe radhi kabla ya kusimama, la sivyo wa ncha ya pili alikwenda chini na kikombe chake. Kahawa aliipika mwenyewe, jinsi alivyojifunza jikoni kwa mzungu zamani, na ilikuwa chungu hata watu wa kijiji cha Gakindu, walioanza juzi juzi kupanda mibuni, waliionja mara moja wakarudi kwenye chai yao. Mwaka huo wa hamsini na nne, mwaka wa Hali ya Hatari, watu hawakukusanyika ovyo. Vichwa vichache pamoja, mara mnaulizwa mnapanga nini. Lakini benchi hili lilikuwa na ruhusa yake, na ruhusa hiyo ilivaa buti: Konstebo Simiyu, mtu wa Kimilili, ambaye akitoka zamu alifika hapo kabla ya kufika kwake. “Mkutano ni halali,” alizoea kusema akipokea kikombe, “mwenyekiti ni mimi.”

Ng'ambo ya barabara, uani kwa Mzee Theuri, ilikaa Cucu. Cucu kwa Kikuyu ni nyanya, na jina lilimfaa: Ford ya miaka mingi kabla ya vita vya Hitler, mgongo wa mbao, taa mbili kubwa zilizokodoa kama za mtu aliyesingiziwa jambo. Tairi hakuwa nazo hata moja. Alikuwa juu ya mawe, nyasi zimempanda hadi kwenye milango, na kuku walikuwa wameamua kwamba kiti cha nyuma ni mahali pazuri pa kutagia.

— Jumamosi Cucu inatembea, alitangaza Theuri siku hiyo, hata kabla hajaketi. Nimetoka kwa Pragji wa karakana. Ako na tairi namna tatu. Nimempatia ndama, ananipatia tairi. Sasa nyinyi wenye akili niambieni, nichague gani?

Hakuna swali ambalo benchi lingelipenda zaidi. Kingori, fundi wa cherehani waliyemwita Redio kwa sababu alijua habari kabla hazijatokea, alisogea mbele mpaka ubao ukalia.

— Taja moja moja, Mzee. Usiharakishe.

— Ya kwanza nyembamba, ndefu, iko na ukuta mweupe. Ilikuwa ya settler mmoja, mzungu wa shamba, amerudi kwao. Ya pili nene, ya lori ya jeshi. Ya tatu ni ya trela ya kuvuta majani chai, imetoka Kangari.

— Nyeupe! alisema Mama Waithira kutoka kwenye jiko lake. Hii ni arusi ama ni kubeba viazi?

Ndiyo, ilikuwa arusi. Murugi, binti wa pekee wa Theuri, alikuwa anaolewa Jumamosi. Alipokuwa mdogo wa kubebwa begani, baba yake alimketisha kwenye usukani wa Cucu akamwambia kwamba siku ya arusi yake hatakanyaga vumbi. Atapelekwa kanisani na gari la kwao, taa zimewashwa mchana kweupe ili kila mtu ajue. Mtoto hakusahau. Na juzi, kwa upole wote, alikuwa ameuliza kama Cucu bado anaweza. Theuri alimjibu anaweza, halafu akaenda nyuma ya nyumba akasimama huko peke yake, kwa sababu alimpenda sana msichana huyo na hakujua jinsi ya kumwambia vinginevyo.

— Nyeupe itachafuka, alisema Redio. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maana yake, usinunue tairi nyeupe msimu wa mvua.

— Hiyo ndiyo maana yake kabisa, alisema Nehemiah kwa sauti ya darasani. Nehemiah alikuwa mwalimu wa misheni, mtu wa Yala, na methali aliziheshimu kiasi kwamba hakuona sababu ya kuzichunguza. 

— Lakini Bwana Kingori amesahau nyingine, aliendelea. Penye nia pana njia. Kwa hivyo nunua ile ya jeshi, ndiyo pana.

— Kwetu tunasema asiye na mwana aeleke jiwe, alisema Simiyu. Angalieni Cucu hapo. Haina tairi, imekalia mawe. Wahenga waliona hii gari.

Walicheka mpaka ubao ukayumba, na Theuri akacheka nao, ingawa hakupenda konstebo akitazama upande ule wa barabara.

— Ya jeshi iko na faida ingine, alisema Redio, na sasa alishusha sauti, jambo alilolifanya kila alipotaka kusikika vizuri. Ikipita kwa matope, inaacha alama ya jeshi. Home guard wa serikali akiangalia chini, anasema, hapa amepita kapteni. Anapiga saluti! Mzee Theuri anapigiwa saluti mpaka kanisani.

— Na padri? aliuliza Simiyu.

— Padri pia.

— Mimi naona ile ya trela, alisema Nehemiah. Trela haina injini, siyo? Sasa tairi yake imezoea kuvutwa. Haina kiburi. Ukiiweka kwa gari nzee, wataelewana.

— Tairi iko na kiburi, Mwalimu? aliuliza Theuri.

— Kila kitu kinachozunguka kina kiburi. Jua halizunguki?

— Basi nunueni zote, alisema Mama Waithira. Nyeupe mbele watu waone, ya jeshi nyuma isukume.

— Haiya! Itainua nyuma kama sungura, alisema Theuri.

— Vizuri! alisema Redio. Nyuma juu, mbele chini. Hiyo ni kusema gari inateremka wakati wote. Hutatumia petroli hata tone. Unatoka hapa unateremka, ukirudi unateremka.

Simiyu alifuta machozi kwa mkono wa shati. Lakini Redio hakuwa amemaliza. Fundi yule akishapata uzi hakati mpaka nguo iwe ya mtu mwingine.

— Hata hiyo si kitu. Zifunge kinyume! Alama kwa matope zionyeshe unatoka, kumbe unaingia. Usiku wa kafyu, polisi wanakufuata Nanyuki, wewe umelala kwako. Samaki mkunje angali mbichi: tairi ikishazoea kwenda mbele, huiwezi tena.

— Redio, alisema Simiyu, mimi ni polisi.

— Wewe uko off duty, Afande.

— Masikio yangu haina off duty.

Hilo nalo lilichekesha, ila Theuri alijikuta akitazama kikombe chake. Maneno ya alama na matope yalikuwa yamemkaribia mno.

Maana tairi za Cucu hazikuoza kama watu walivyodhani. Mwaka mmoja nyuma mdogo wake, Peterson, alishuka kutoka msituni, walikojificha wapigania uhuru, akiwa amepasuka nyayo kwa visiki vya mianzi, akiacha damu kila alipokanyaga. Hakuomba chakula. Alisema, mkubwa, wenzangu hawana miguu. Theuri hakuwa mtu wa msitu, wala hakuwa mtu wa serikali. Alikuwa dereva mstaafu mwenye mdogo mmoja. Alizifungua tairi zote nne akampa akakate akala, viatu vya mpira wa tairi, na kipande kilichobaki akajikatia jozi yake mwenyewe kwa sababu alizaliwa bahili. Kwa kosa kama hilo watu walikuwa wakinyongwa. Peterson hakuonekana tena, na kila Theuri alipoamka, jambo la kwanza alilosikiliza ni kama kuna gari limesimama nje.

— Mwalimu! Nimezunguka mji mzima nikikutafuta!

Aliyeita alikuwa mwanamke mwenye kitambaa cha maua, amebeba kikapu. Nehemiah alisimama kwa haraka bila kuomba radhi, na Redio, aliyekuwa ncha ya pili, akaenda chini na kahawa yake.

— Jamani, huyu ni Phelister, mke wangu. Amefika jana na treni.

Walimsalimu wote, Redio akiwa bado chini. Mama Waithira alimgeuzia debe aketi, akamtilia kahawa. Phelister alionja, akafumba macho, akameza kwa adabu.

— Na mnazungumza nini kwa kelele hivi? Nilifikiri mtu amekufa.

— Mzee hapa anachagua tairi, alisema mumewe. Ya ile gari. Binti yake anaolewa Jumamosi.

Phelister alitazama ng'ambo. Alimtazama Cucu kuanzia taa mpaka mawe, kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa wa watu wengine.

— Pole sana, Mzee. Sasa zile za zamani zilienda wapi?

Hakuwa na nia mbaya. Ni swali ambalo mtu yeyote angeuliza, na kwa mwaka mzima benchi lile lilikuwa limezungumza juu ya Cucu bila mtu yeyote kuliuliza. Theuri alifanya anachofanya kila dereva akiona ng'ombe barabarani: alikanyaga jambo la kwanza lililokuwa chini ya mguu. Akanyoosha mguu wake.

— Hizi hapa, alisema. Nilikata akala.

Phelister aliinama akaitazama ile akala, yenye alama za umbo la almasi kwenye soli yake, akaipenda.

— Kazi safi! Zote nne?

Redio, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alianza kupangusa kahawa kwenye suruali yake. Nehemiah aliangalia miguu ya Theuri, miwili tu, halafu akaangalia mlimani, kwenye msitu, halafu haraka akaangalia kikapu cha mkewe kana kwamba kuna daftari za kusahihisha ndani. Theuri aliurudisha mguu wake chini ya ubao. Alipoinua macho, aliona kwamba Simiyu bado anautazama. Alimfikiria Murugi. Si arusi yake. Alimfikiria Jumatatu baada ya arusi, akiambiwa na watu kwamba baba yake amekamatwa.

Simiyu alikunywa mpaka chini. Aligeuza kikombe chake, akakikung'uta polepole.

— Mama Waithira, alisema, naona kahawa imeisha.

Birika lilikuwa jikoni, limejaa, linatoa mvuke mbele ya macho ya wote. Mama Waithira alimtazama konstebo, akamtazama Theuri. Alilinyanyua kwa mikono miwili kwa sababu ya uzito wake, akaenda nalo mpaka kwenye mtaro, akalimwaga lote, mpaka machicha.

— Imeisha kweli, Afande, alisema. Hata tone.

— Basi mkutano umefungwa.

Nehemiah alimshika mkewe mkono akaanza kumweleza kwa sauti kubwa bei ya kabichi hapa Nyeri. Redio alikumbuka suruali ya mtu. Wakabaki wawili kwenye ubao, na Mama Waithira aliyekuwa akisugua birika ambalo halikuwa na uchafu.

— Mzee, alisema Simiyu, mimi sijui mambo ya gari. Lakini nafikiria hivi. Gari ikikaa kwa mawe, ni gari mbovu, kila mtu amezoea. Ikipata tairi mpya, sajenti wangu atapita hapa, na yeye atauliza kama huyo mama. Yeye hatakunywa kahawa.

Theuri alimtazama Cucu ng'ambo ya barabara.

— Rudi kwa Pragji uchukue ndama yako, aliendelea Simiyu. Mtoto atembee kwenda kanisani.

— Nilimwahidi, Afande.

Simiyu alikuna shingo, akafikiri. Kisha alivuka barabara, akafukuza kuku, akafungua mlango wa nyuma wa Cucu na kuufunga. Akasimama mbele, mgongo kwa gari, miguu imepanuka, pale hasa ambapo tairi la mbele lilipaswa kuwa.

— Ataketi hapa ndani na taa zikiwa zimewashwa! alimwitia kutoka kule. Mpiga picha atasimama hapo kwenu! Nyasi usikate! Mimi nitasimama hivi na yunifomu, na Mwalimu atasimama kwa ile ya nyuma. Kwa picha gari iko na tairi zote!

Theuri alicheka, akagundua kwamba analia pia, akaacha yote mawili yaendelee. Simiyu alirudi kuchukua kofia yake. Alipoiinamia, alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama:

— Na hiyo kiatu, Mzee. Hiyo almasi nimeiona kwa matope mahali ingine. Choma leo.

Akaenda zake. Mama Waithira alisogeza birika, akachochea makaa, akasimama kando. Theuri alivua akala moja, kisha ya pili, akazitia jikoni, na moshi mweusi mzito ukapanda ukawatoa machozi wote wawili. Akavuka barabara miguu mitupu, akihisi kila changarawe.

Kesho yake benchi lilijaa kama kawaida. Kahawa ilinuka tairi na ilikuwa na ladha ya tairi. Simiyu alikunywa vikombe viwili. Nehemiah alikunywa, Phelister alikunywa akafumba macho, Redio akakunywa akaomba kingine, na hakuna aliyeuliza.