Skrini Pana Njiani Bwera

Gari kutoka Kasese lilipopita Kisinga, Tumwine, fundi wa kompyuta, aliitazama kompyuta mpakato mapajani mwa jirani yake Jolly, akacheka. "Dada, hii skrini iko pana bure. Fupi kama dirisha ya choo. Ukurasa mzima haionekani kama kwa yangu ya mraba. Na kona yake inanichoma mbavu."

Jolly alikuwa akimalizia wimbo wa harusi ya dada yake, na wiki nzima alihofu kwamba beti zake za lugha mbili hazitaimbika pamoja. "Sogeza mbavu, kaka. Wakwe zetu wanatoka Bunia, Kongo. Kushoto ni Lukonzo, lugha yetu, kulia Kiswahili chao. Ile yako ya mraba itabeba upande gani?"

"Mutu anasoma ukurasa moja kwanza."

"Na wakwe wangoje?"

Jolly akaigeuza skrini kuelekea kiti cha nyuma, akawaanzishia sauti ya wimbo. Mama mmoja Mkongo akaanza kuimba upande wa kulia, mzee Kosmasi, Mkonzo aliyekaa kando yake, akaushika wa kushoto, na mistari ikaenda sambamba bila kugongana. Jolly alijiona mrefu kuliko milima ya Rwenzori.

Gari likasimama Bwera. "Bado iko fupi," Tumwine alisema, lakini hakushuka mpaka kiitikio kilipokwisha.