Moyo Usiosuta

Fundi wa vyuma aliyeketi mbele yangu kwenye treni alimwacha Mungu miaka sita iliyopita, na hajaadhibiwa. "Hata moyo haunisuti tena, dada. Si baraka hiyo?" alimwuliza muuguzi aliyekaa kando yake.

"Kaka, mwenye kisukari akilia kidonda cha mguu kinauma, tunashukuru. Kisipouma, tunaandaa msumeno."

"Usinitishe, dada!"

"Mungu akikukemea, bado u mwanawe. Akikunyamazia je?"

Nilijifanya nimelala, kama sisi wambea wote.

Treni ikasimama kituoni, abiria wakaanza kushuka. Fundi hakuinuka. Alikuwa akihesabu vidoleni kwa sauti ndogo: mke ambaye yeye alimpiga na kumfukuza, watoto wawili wasiomwita baba, mama yake aliyezikwa yeye hayupo. Kwa wote wanne, alisema, hajalia hata mara moja.