Mama Saini na Daftari la Masjala ya Ardhi

Dada yetu, ambaye wengi mliofika hapa mnamjua kwa jina la Mama Saini tu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu kati ya saba wa kibarua wa barabara na mkewe mkulima. Alizaliwa kimya, mpaka mkunga akamchapa makofi mawili. Marehemu mama alikuwa akisema, "Huyu si mtu wa kelele. Ila mguse pabaya, utamsikia."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1974. Mwaka 1976 alipata cheti cha utunzaji wa kumbukumbu. Baba, ambaye hakujua kusoma, alikigeuzageuza cheti kile. "Kazi gani hii, mwanangu?" "Kutunza karatasi, baba." "Kumbe karatasi nazo hutunzwa!"

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika ofisi ya ardhi ya wilaya. Alikuta mafaili sakafuni, mengine yameliwa na mchwa, na dirisha limezibwa na kabati. Wananchi walikuwa wakiambiwa "njoo kesho" mpaka kesho hizo zikawa miaka. Akaanza kwa kulisogeza kabati ili mwanga uingie. Kuyapanga mafaili yote kulimchukua miezi kumi na minne. Kisha akafungua daftari: faili likitoka masjala, anayelichukua anasaini, awe mhudumu, awe bosi.

"Mimi nisaini kwa karani?" mkuu wa ofisi alishangaa.

"Faili halina miguu, mzee. Likitembea, limebebwa."

Mkuu akasaini huku akiguna. Jina la Mama Saini lilianzia hapo.

Tarehe 12 Septemba 1981 alifunga ndoa na seremala aliyekuwa akifuatilia kiwanja chake. Shemeji hupenda kusema, "Nilimwoa nikidhani sitapanga foleni tena. Nikakuta hata bafu la nyumbani lina zamu." Walijaliwa watoto watatu.

Mwezi Mei 1989, faili la familia arobaini na moja za bondeni lilitoweka, na mtu mwenye nguvu zake akaanza kupima mashamba yao. Daftari lilionyesha saini ya mwisho: ya mkuu mwenyewe. Alimwita dada ofisini kwake, akafunga mlango.

"Uchane ukurasa huo."

"Siwezi, mzee. Kila ukurasa una namba."

"Una watoto wadogo. Fikiria."

Dada alitusimulia baadaye kwamba aliushika ukingo wa meza, kisha akajibu. "Nimefikiria, mzee. Na wa bondeni nao wana watoto."

Kesho yake alipewa barua ya kuhamia stoo ya samani mbovu. Kabla ya kuondoka aliandika hati ya makabidhiano, akalitaja daftari lile na idadi ya kurasa zake, akatuma nakala makao makuu. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuligusa. Miaka mitatu na miezi miwili alikaa katikati ya viti visivyo na miguu. Shemeji alimfundisha kuvitengeneza, na vingi vilirudi maofisini. Msidhani hakuumia. Alikiri kwamba siku nyingine alijifungia humo akalia, kisha akanawa uso na kuendelea.

Mwaka 1992 mama mmoja wa bondeni, aliyekuwa amebisha kila mlango wa serikali, alifanikiwa kuleta tume ya uchunguzi. Tume ikadai daftari. Ukurasa wa sitini na tatu, wenye saini ya mkuu, ulikuwepo. Mashamba yakarudi kwa wenyewe, na mkuu akastaafishwa kwa manufaa ya umma. Dada alirudi masjala. Mwaka 1994 ukatoka waraka: kila ofisi ya ardhi nchini iwe na daftari kama lile. Nchi nzima, jamani! Na mwenye wazo hilo alikuwa karani asiye hata na simu mezani.

Jambo linalofuata tunalisema kwa ombi la binti wa yule mkuu, ambaye yupo nasi hapa. Mwaka 2003 baba yake, mzee wa mkongojo, alikuja masjala kwa sababu jirani alikuwa amemega sehemu ya kiwanja chake. Makarani vijana walianza kunong'ona. Dada alitoka nje na kiti, akamkalisha pale pale kwenye foleni, kwani zamu ni zamu. Ilipofika, alimletea faili lake kabla ya dakika kumi kwisha.

Mzee alilitazama, machozi yakimlengalenga. "Binti yangu, ungenitii siku ile, leo nisingelikuta hili."

Dada akamsogezea daftari na kalamu. "Saini hapa, mzee."

Alistaafu mwaka 2016. Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na sisi ndugu zake wanne, tunaojiuliza mpaka sasa tuliwezaje kula sahani moja na mtu wa namna hii tukamwona wa kawaida. Mwenyezi Mungu ampe pumziko lenye amani.